Bastola Ndogo si Bastola Rahisi: Mambo ya Kupima Kabla ya Kuchagua Silaha ya Kubeba

Yafuatayo ni maandishi ya hotuba iliyotolewa kwa wakaazi katika kikao cha elimu ya usalama wa umma. Aina za bastola zimetajwa kwa ajili ya mafunzo tu. Kutajwa kwake si pendekezo la serikali ya kaunti.



Kuna swali ambalo wafanyabiashara, wafugaji na watu wanaorejea nyumbani usiku huuliza mara kwa mara: mtu aliyeruhusiwa na sheria kuwa na bastola, anunue ipi iliyo ndogo ya kutosha kubebwa kila siku bila kuonekana? Wengi hudhani jibu ni jina la bastola. Sivyo. Jibu linaanzia kwenye sheria, linapitia kwenye mkono wa mwenye kuibeba, na linaishia kwenye chumba anacholala na watoto wake.

Sheria kwanza

Ieleweke mapema kwamba kaunti haitoi leseni ya silaha. Jedwali la Nne la Katiba limeweka huduma za polisi chini ya serikali ya kitaifa. Umiliki wa silaha unaongozwa na Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, na uamuzi ni wa Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Yeyote anayedai kwamba anaweza kupata cheti kupitia karani wa kaunti, diwani au mtu wa katikati ni tapeli.

Sheria inamtaka mwombaji awe na sababu ya kutosha. Bodi inaweza kumnyima cheti, au kukifuta alichopewa, ikiona ni mtu wa ulevi, hana akili timamu, au kwa sababu nyingine hafai kukabidhiwa silaha. Mwishoni mwa mwaka 2018 serikali ya kitaifa iliagiza raia wote wenye silaha wahakikiwe upya, hata waliokuwa na vyeti vya miaka mingi. Kwa hiyo cheti si mali ya kudumu kama shamba. Ni dhamana, na dhamana huweza kurudishwa.

Jambo jingine ambalo wanunuzi husahau ni kwamba cheti hutaja silaha yenyewe na kiasi cha risasi ambacho mwenyewe anaruhusiwa kuwa nacho. Bastola si simu, kwamba ikimchosha mtu ataibadilisha na rafiki yake wikendi. Haiazimwi. Hairithiwi kimyakimya. Mtu akikosea katika kuchagua, atalazimika kurudi katika utaratibu mzima ili kubadilisha. Ndiyo sababu inafaa kuchagua polepole.

Je, bastola inahitajika?

Kabla ya kufika kwenye duka lililosajiliwa la silaha, mkaazi ajiulize ni hatari gani hasa anayoikimbia. Mwenye duka la jumla anayetembea na mauzo ya siku mfukoni ana hatari moja, na akipokea malipo kwa simu na kupeleka benki pesa chache zilizobaki mchana, hatari hiyo hupungua sana. Mama anayeogopa kichochoro chenye giza anahitaji taa ya barabarani, na hilo ni jukumu la kaunti. Aripoti taa iliyozima kwa ofisi ya wadi. Boma linalovamiwa usiku husaidiwa na mlango imara, mbwa, kengele na majirani wanaoitikia mayowe.

Hayo yote hulinda hata mtu akiwa amelala. Bastola humsaidia tu aliye macho, aliye na utulivu, aliyefunzwa, na aliyepata nafasi ya kuitoa. Mshambuliaji aliye hatua chache mbele akiwa na panga mkononi hufika haraka kuliko wengi wanavyodhani. Na wahalifu wakigundua kwamba mtu ana bastola, mara nyingine bastola yenyewe ndiyo huwa kitu wanachokitafuta.

Baada ya kupima hayo, wapo ambao bado watakuwa na sababu halali. Sehemu inayofuata ni yao.

Udogo una gharama yake

Mnunuzi wa mara ya kwanza huvutiwa na bastola ndogo kuliko zote. Inakaa kiganjani, haimlemei mtu, inaingia mfukoni. Lakini kila kitu kinachoifanya iwe rahisi kubeba ndicho kinachoifanya iwe ngumu kupiga.

Tuchukue mifano inayojulikana duniani. Glock 19, iliyotoka mwaka 1988, ni bastola ya ukubwa wa kati. Mtutu wake ni milimita 102, magazini yake huchukua risasi 15, na bila risasi ina uzito wa takriban gramu 600. Ndugu yake mdogo, Glock 26, ana mtutu wa milimita 87 na magazini ya risasi 10. Mpini wake ni mfupi hivi kwamba kidole cha mwisho cha watu wengi hukosa pa kushika. Mwaka 2015 ilikuja Glock 43, nyembamba zaidi, yenye risasi 6. Mwaka 2018 ikatoka SIG Sauer P365, ambayo ni ndogo vilevile lakini magazini yake huchukua risasi 10. Upande wa mwisho kabisa iko Ruger LCP ya mwaka 2008, yenye risasi 6 ndogo na uzito wa takriban gramu 270 tu, usiofika nusu ya ule wa Glock 19.

Sasa, risasi inapotoka mbele, bastola husukumwa nyuma. Bastola nzito humeza sehemu ya msukumo huo. Bastola nyepesi humwachia mkono. Ndiyo maana bastola ndogo huruka zaidi, huumiza kiganja, na humchelewesha mtu kurudi kwenye shabaha. Baada ya risasi 20 au 30 za mazoezi, mwenye bastola ndogo sana mara nyingi hutaka kwenda nyumbani, na silaha ambayo mwenyewe hapendi kufanyia mazoezi ni silaha asiyoijua.

Pili, mtutu mfupi huleta karibu alama ya kulengea ya mbele na ya nyuma. Alama zikikaribiana, kosa dogo la jicho ni vigumu kuliona, na risasi huenda pembeni zaidi inapofika mbali.

Tatu, katika bastola nyingi ndogo, springi ni ngumu. Kuvuta nyuma sehemu ya juu ili kuingiza risasi kunahitaji nguvu ya vidole. Mzee mwenye maumivu ya viungo anaweza kushindwa kabisa, ilhali bastola kubwa kidogo angeivuta bila taabu.

Hapa ndipo wanawake wengi hupotoshwa. Mwanamke akiingia dukani huonyeshwa bastola ndogo kuliko zote kwa sababu ana mkono mdogo. Kinachotakiwa kulingana na mkono ni unene wa mpini na umbali kutoka kiganjani hadi kwenye kifyatulio, ile sehemu inayovutwa na kidole cha shahada. Bastola nyembamba yenye mpini mrefu wa kutosha vidole vyote mara nyingi humfaa kuliko kile kidude kinachoingia kwenye kipochi.

Kuna pia rivolva, bastola yenye gurudumu la risasi. Rivolva ndogo za Smith & Wesson za risasi 5 zimekuwepo kwa muda mrefu. Haihitaji kuvutwa nyuma, na mtu hufungua gurudumu akaona kwa macho kama kuna risasi ndani. Lakini kifyatulio chake ni kizito, risasi ni 5 tu, na zile nyepesi hupiga mkono vibaya. Isichukuliwe kuwa silaha ya anayeanza kwa sababu tu umbo lake ni sahili.

Risasi yenyewe

Risasi iliyoenea zaidi kwa bastola za aina hii ni ya milimita 9 kwa 19, iliyobuniwa mwanzoni mwa karne ya 20 na bado inapatikana karibu kila mahali. Bastola ndogo zaidi, kama ile LCP, hutumia .380, iliyo fupi zaidi na yenye nguvu pungufu.

Tahadhari iko katika majina. Risasi ya .380 huandikwa pia "9 mm Kurz" au "9 mm Short" kwenye baadhi ya maboksi. Ipo pia ya Makarov, milimita 9 kwa 18. Zote tatu huitwa "tisa" mitaani, na hazibadilishani. Mwenye bastola asome maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu, kisha asome boksi, kabla ya kujaza magazini.

La kukumbuka zaidi kwa wakaazi wa kaunti hii ni nyumba zao. Risasi ya milimita 9 hupenya mabati na mbao bila shida. Katika ploti za nyumba zilizoshikana, ukuta wa chumba kimoja ndio ukuta wa kitanda cha jirani. Risasi iliyomkosa mwizi haipotei; inaendelea na safari hadi ikutane na kitu. Hakuna bastola ndogo iliyotengenezwa inayoondoa hatari hiyo. Kinachoipunguza ni shabaha, na shabaha hutokana na bastola ambayo mtu anaweza kuidhibiti.

Ala na mavazi

Watu hutumia miezi kuchagua bastola na dakika 5 kuchagua ala ya kuibebea. Ni kinyume cha inavyofaa.

Ala nzuri hufunika kifyatulio chote ili kisiguswe na chochote. Hushika bastola isianguke mtu akikimbia, akiinama au akipanda bodaboda. Hubaki wazi bastola ikitolewa, ili irudishwe bila kupapasa. Na hufungwa kwenye mshipi imara, si kwenye suruali ya lastiki.

Mwezi Novemba 2008, mchezaji maarufu wa kandanda ya Kimarekani, Plaxico Burress, alikuwa katika kilabu jijini New York akiwa amechomeka bastola kiunoni bila ala. Ilianza kuteleza ndani ya suruali, na katika patashika hiyo ikafyatuka na kumpiga pajani. Hakuwa na kibali cha kubeba silaha katika jimbo hilo. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka 2. Hakushambuliwa na yeyote. Kilichomponza ni kutokuwa na ala na kutokuwa na kibali.

Mkoba wa mkononi nao si ala. Mwezi Desemba 2014, katika jimbo la Idaho nchini Marekani, mtoto wa miaka 2 aliyekuwa kwenye kigari cha duka alifungua mkoba wa mama yake, akafikia bastola na kuifyatua. Mama huyo alikufa palepale. Alikuwa na kibali, na mkoba wenyewe ulikuwa wa kutengenezwa mahsusi kwa kubebea bastola, una mfuko wake wa zipu. Mkoba huwekwa chini, huning'inizwa kitini, huachiwa dada au mtoto ashikilie kidogo. Mshipi wa kiunoni hauachwi.

Mavazi pia yahesabiwe. Katika maeneo ya baridi, koti hufunika bastola ya ukubwa wa kati bila mtu kujua. Penye joto, ambako watu huvaa shati jepesi au fulana, bastola hiyo hiyo huchora umbo lake mgongoni. Anayevaa dera au kanzu hana mshipi wa nje kabisa, na atahitaji mkanda maalum wa kuvaa ndani. Basi mnunuzi apime bastola akiwa amevaa nguo zake za kila siku. Lengo la kuificha si ujanja. Ni kutowatia watu hofu, kutomwalika mwizi, na kutoligeuza jambo dogo la kugongana barabarani kuwa tishio. Anayefunua shati makusudi ili bastola ionekane wakati wa ubishi ameshaitumia silaha vibaya, hata kama hakuigusa.

Wanaotembelea maduka makubwa wanajua kwamba ukaguzi mlangoni umekuwa jambo la kawaida, hasa tangu shambulio la Westgate la Septemba 2013. Mwenye bastola amwambie mlinzi kwa sauti ya chini, atoe cheti kwanza, asiguse bastola. Vivyo hivyo akisimamishwa na polisi: mikono ionekane, aseme, asubiri kuelekezwa. Na mahali pa pombe si mahali pa bastola. Anayekwenda kunywa aiache imefungiwa nyumbani.

Nyumbani

Bastola ya kubeba kila siku hutolewa kiunoni kila siku, na hapo ndipo penye hatari kubwa. Juu ya kabati, chini ya mto na ndani ya droo ni mahali ambapo mtoto anapajua tayari. Panapofaa ni sefu ndogo ya chuma iliyofungwa kwa skrubu ukutani au sakafuni, na ufunguo au namba anayeijua mwenye cheti peke yake.

Kuitoa risasi nako kuna mpangilio. Magazini hutoka kwanza. Kisha sehemu ya juu huvutwa nyuma ili risasi iliyomo ndani ya mtutu idondoke. Halafu mtu hutazama ndani, na kuingiza kidole kuhakikisha. Wapo waliouawa na bastola "tupu" kwa sababu aliyeishika alitoa magazini na kudhani imekwisha. Magazini ikitoka, risasi moja bado inaweza kuwa ndani. Ajue pia kwamba bastola nyingi za kisasa, Glock zikiwemo, hazina kile kiswichi cha usalama cha nje cha kusukuma kwa kidole gumba. Kinachobaki ni kidole cha mwenyewe: kikae nje ya kifyatulio mpaka wakati wa kupiga.

Kuna mazungumzo ambayo familia huyakwepa. Bastola huwa hatari zaidi nyumbani wakati wa msiba, madeni, ugomvi wa ndoa au huzuni nzito. Mke, mume au ndugu akiona mwenye silaha amebadilika, amekuwa mtu wa hasira au wa kusema maisha hayana maana, si usaliti kuzungumza na OCS wa kituo cha karibu ili silaha ihifadhiwe kwa muda. Laini ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199, husaidia wenye msongo wa mawazo.

Siku ya kuitumia

Sheria ya Kenya haimpi raia ruhusa ya kuadhibu. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinasema nguvu iliyotumika kujikinga au kulinda mali itapimwa kwa misingi ya sheria za kimila za Uingereza. Kwa lugha rahisi, nguvu iwe ya lazima, na ilingane na hatari iliyopo wakati huo. Mwizi aliyenyakua simu na sasa anakimbia amempa mtu mgongo. Kumpiga risasi ni vigumu sana kukueleza mahakamani kuwa kujikinga. Anayeweza kuondoka salama, aondoke.

Silaha ikitumika, ikipotea au ikiibwa, polisi waarifiwe mara moja kupitia 999 au 112, au kituo cha karibu. Kukaa siku mbili ukiitafuta kimyakimya ni kumpa mhalifu siku mbili za kuitumia.

Maswali ya kwenda nayo dukani

Kwa hiyo, mkaazi aliyeruhusiwa na anayekwenda kuchagua bastola abebe maswali haya:

1. Je, vidole vyote vya mkono vinashika mpini?
2. Je, anaweza kuivuta nyuma mara 10 mfululizo bila kusaidiwa?
3. Je, ameifyatua kwenye uwanja wa kulenga shabaha akiwa na mkufunzi, na risasi zake zikakaa pamoja?
4. Je, ipo ala inayofunika kifyatulio chake, na inafichika chini ya nguo anazovaa kila siku?
5. Je, risasi zake zinapatikana kwa urahisi kwa ajili ya mazoezi ya mara kwa mara?
6. Je, sefu imeshafungwa nyumbani kabla bastola haijaletwa?

Jibu likiwa "hapana" hata kwa moja, asinunue siku hiyo. Na bastola mbili zikijibu vizuri, mara nyingi iliyo kubwa kidogo ndiyo itakayomfaa, maana usumbufu wa kuibeba humpata yeye peke yake, lakini risasi iliyokosea huwapata wengine.

Mwenye swali kuhusu cheti afike kituo cha polisi au kwa Bodi yenyewe. Mwenye swali kuhusu taa za barabarani afike ofisi ya wadi yake.